Mchukueni Nyumbani. Halafu?

Neno hili hutamkwa kwa sauti ya chini, mbali kidogo na kitanda. Daktari au muuguzi wa zamu humvuta pembeni mtoto mkubwa wa mgonjwa, akamwambia: "Hapana tena la kufanya. Mchukueni nyumbani, mumsomee." Aliyeambiwa huitikia kwa kichwa, akatoka kwenda kutafuta gari. Sijui mtu mzima wa Unguja, awe wa Mkokotoni au wa Makunduchi, ambaye hajapata kulisikia neno hilo likisemwa kwa mtu wake au kwa mtu wa jirani yake. Tumelizoea mpaka tunaliona la busara. Na mtu akithubutu kuuliza kwa nini muuguzi asimfuate mgonjwa huyo mpaka chumbani kwake, mpaka siku ya mwisho, majibu huwa yako tayari. Sisi si Wazungu. Sisi tuna jamaa. Sisi tuna dini, hatuwatupi watu wetu. Na fedha ya serikali ni ya wanaopona.

Nayakataa majibu hayo yote, nami ni Mzanzibari mwenye jamaa na mwenye dini.

Liko moja tunalokubaliana. Nyumbani ndiko. Mtu afe kwenye kitanda chake, asikie adhana ya msikiti anaoujua, ashikwe mkono na mwanawe, asomewe Yasini na sauti asiyohitaji kuiuliza jina. Sitaki mgonjwa anayeondoka azuiliwe wodini na mpira wa dripu mkononi. Ugomvi wangu ni na hiyo nusu ya kwanza ya sentensi, "hapana tena la kufanya", kwa sababu si kweli, na kila muuguzi aliyekaa usiku na mgonjwa wa namna hii anajua kwamba si kweli.

Kiswahili chetu kina kutibu, kina kuponya, na kina kuuguza. Anayetibu anapambana na maradhi. Kuponya tunakuacha kwa Mwenyezi Mungu, na madaktari wenyewe husema hivyo. Kuuguza kumezaliwa na kuugua: ni kukaa na mtu ndani ya kuugua kwake, kumnywesha, kumgeuza, kumsafisha, kumpunguzia. Ndani ya neno hilo hamna ahadi ya kupona. Mtu husema "nimemuuguza mama mpaka kafariki", na hapana atakayemwambia kwamba amekosea lugha. Sasa tunamchukua kijana, tunamsomesha chuoni Mbweni miaka mitatu au zaidi, tunampa sare na cheti, tunamwita muuguzi, kisha tunamwambia kazi yake inakwisha siku ambayo matibabu yamekwisha. Kumbe hiyo ndiyo siku ambayo daktari ana machache ya kutoa na muuguzi ana mengi.

Nitasema nilichokiona kwa macho yangu.

Shangazi yangu aliugua saratani ya titi. Tulichelewa, kama wanavyochelewa wengi. Uvimbe ulianza kama punje ya kunde, akauficha, akaupaka mafuta, akanywa makombe. Tulipovuka kwenda Dar es Salaam kwa ajili ya mionzi, kama wagonjwa wa visiwa hivi walivyovuka miaka na miaka kwenda Ocean Road, maradhi yalikwishatangulia. Nakumbuka tulivyoipita zahanati ya zamani pale Mizingani tukielekea bandarini, lile jengo lenye roshani za kuchongwa ambalo Tharia Topan aliliwekea jiwe la msingi 1887 na akafariki 1891 kabla halijamalizika. Shangazi alilitazama akasema enzi za ujana wake watu walikuwa wakichukua dawa pale, hatua chache kutoka nyumbani. Kisha akapanda boti, akishikilia ubavu.

Alirudi na chupa moja ya mofini ya maji na karatasi. Tukampandisha ngazi za nyumba yetu ya Kiponda, zile ngazi za Mji Mkongwe zilizosimama wima kama za mnara, juu ya kiti cha mbao, watu wanne. Hospitali moja hapa kisiwani, ambayo sitaitaja kwa jina, ikamtazama ikatuambia lile neno. Tukalipokea.

Kidonda kilikuwa kimefunguka. Sitaki kumchukiza msomaji, lakini makala zinazoogopa kukitaja kidonda ndizo zilizotufikisha hapa. Kilikuwa na harufu, na harufu ile ilishuka ngazi, ikafika ukumbini. Tulichoma udi asubuhi na ubani jioni. Udi uliingia ndani ya harufu, ukatoka kitu cha tatu kibaya zaidi. Waliokuja kumtazama walisimama mlangoni, wakasoma Fatiha haraka haraka, wakaondoka na kanga puani. Shangazi hakuwa mjinga. Siku moja akamwambia binti yake, "Wajukuu msiwalete tena." Hakueleza kwa nini, na hatukumuuliza.

Aliyetuokoa ni mama mmoja wa mtaa wa pili, muuguzi mstaafu. Hakutumwa na mtu, alisikia tu. Alipiga hodi, akapanda zile ngazi akipumzika kila kituo, akavua viatu, akamwendea shangazi kitandani. "Bi Mkubwa, nipe ruhusa nikitazame." Alichemsha maji, akatia chumvi, akayaacha yapoe. Alikiosha kile kidonda taratibu, akiyamimina maji bila kusugua. Kisha akatoa mfukoni vidonge vya Flagyl, vile vile vinavyouzwa kila duka la dawa kwa ajili ya tumbo, akavisaga kwa mgongo wa kijiko ndani ya kisahani mpaka vikawa unga, akaunyunyiza juu ya kidonda kama mtu anayenyunyizia sukari kaimati. Akafunika kwa shashi, juu yake kitambaa safi. Akamfundisha binti afanye hivyo kila siku. "Udi chomeni kwa kupenda," alisema. "Msichome kwa kuficha."

Haikupita wiki, ile harufu ilikuwa imepungua kiasi cha mtu kukaa chumbani akasahau. Ijumaa baada ya sala wajukuu walipanda kitandani. Mdogo alilala ubavuni mwa bibi yake, upande usio na kidonda, na shangazi akamsuka nywele kwa mkono mmoja, mistari miwili tu, kisha akachoka.

Umri wake haukuongezeka hata siku moja kwa unga ule, na wala si hilo lililokusudiwa. Lakini atakayeniambia kwamba kwa mwanamke yule hapakuwa tena na la kufanya, aje anieleze Ijumaa ile ilitoka wapi.

Na hicho ni kidonda tu. Muuguzi anajua kumgeuza mgonjwa kila baada ya saa mbili ili mgongo usichubuke, na anajua kutumia kanga kuukuu iliyokunjwa kumvuta bila kumburura. Anajua kwamba mdomo mkavu huuma kuliko kiu, na kwamba pamba yenye maji kila nusu saa inatosha. Anajua kwamba anayekunywa mofini lazima apewe na dawa ya kulainisha choo, la sivyo tumbo litamtesa kuliko maradhi. Anajua pia jambo ambalo sisi jamaa hatulijui, nalo linatutia katika ukatili tukidhani ni mapenzi: habari ya uji. Tulimlazimisha shangazi uji. Tulimshika kidevu. Ulimpalia, akakohoa mpaka macho yakamtoka, na sisi tukasema, jitahidi, utapata nguvu. Yule mama alituondolea bakuli mkononi. "Wanangu, hafi kwa sababu hataki kula. Hataki kula kwa sababu anaondoka." Sentensi hiyo ndogo ilitufungua sote pingu. Ingefaa isemwe katika kila nyumba yenye mgonjwa wa mwisho, na isemwe na mtu mwenye elimu ya kuisema, si kusubiri bahati ya jirani mwema.

Sasa nije kwa hoja ya jamaa. Tunajivunia kwamba Mzanzibari hafi peke yake. Ni kweli kwamba hazikwi peke yake. Msiba ukitokea, barza hujaa wanaume, ukumbi hujaa wanawake, makaburini Mwanakwerekwe magari hayapati pa kugeuka. Lakini ulizeni usiku wa kuuguza, saa tisa, mgonjwa anapoomba ageuzwe kwa mara ya sita: hapo jamaa ni nani? Ni mtu mmoja, na karibu kila mara ni mwanamke: binti aliyerudi kutoka kwa mumewe, au mke mwenyewe naye mgonjwa wa sukari, au mkaza mwana. Kaka zake wako Maskati na Dubai na London. Wanatuma fedha, na Mungu awalipe, na wanatuma salamu za sauti wakiuliza "bibi kaamkaje". Binti ndiye anayejua kaamkaje. Binamu yangu aliacha biashara yake ya Darajani miezi mitano. Alilala chini, kwenye mkeka, kamba aliyomfunga mama yake mkononi ikiwa imefungwa kwenye kidole chake, ili akitikisika aamke.

Tukisema "familia inatosha", tunamwongelea mtu huyo mmoja, na tunaongea bila ya kumuuliza. Muuguzi anayepita mara mbili kwa wiki hamnyang'anyi mama yake. Humwonyesha namna, humsikiliza, humwambia akalale saa mbili yeye akikaa pale. Na tusidanganyane kwamba kila mtu hapa ana hata huyo binti mmoja. Serikali ina nyumba za wazee Sebleni na Welezo. Waliomo humo ni watu wetu pia, na wao nao watafikiwa na siku hiyo.

Wengine hujibu kwamba mambo haya yameletwa kutoka nje: kwamba ni ya London, ya yule mwanamke Cicely Saunders, aliyeanza kama muuguzi, akaishia daktari, na 1967 akafungua St Christopher's Hospice kwa ajili ya watu wanaokufa. Namheshimu sana mama huyo. Lakini kama tunatafuta asili, tuitafute kwetu. Mwaka wa 5 wa Hijra, sawa na 627, katika vita vya Khandaki, Sa'd bin Mu'adh alipigwa mshale ukamkata mshipa wa mkono. Mtume, rehema na amani zimshukie, hakuagiza apelekwe kwao wakamsomee na basi. Aliamrisha awekwe katika hema ndani ya msikiti wake pale Madina, ili awe karibu naye apate kumzuru. Wanasira wanasema hema lile lilikuwa la Rufaida, mwanamke wa Aslam aliyekuwa akiuguza majeruhi. Sa'd hakupona. Alifariki kwa jeraha lile. Basi hapo tuna mgonjwa wa kufa, tuna muuguzi mwenye ujuzi wake, tuna msikiti, na tuna kiongozi wa umma anayekuja kumtazama, miaka 1,340 kabla ya London. Aniambie mtu sasa kwamba kumuuguza anayekufa ni mambo ya Wazungu.

Iko pia kauli inayosemwa na watu wema kabisa, nayo ndiyo inayonisumbua zaidi: kwamba maumivu ni kafara ya dhambi, basi kwa nini kumpunguzia? Kwamba mgonjwa ni sharti avumilie, na kulalamika ni upungufu wa imani. Nasema kwa adabu: kafara ni faraja ya aumwaye, ajitulize nayo mwenyewe, si hoja ya kutumiwa na aliyesimama pembeni hana kinachomuuma. Kichwa kikituuma tunameza panadol bila ya kuuliza ni dhambi ngapi zimebaki. Mtume mwenyewe alipoumwa kichwa alipigwa chuku. Alipokuwa na homa kali alimwambia Ibn Mas'ud kwamba anaumwa kama wanavyoumwa watu wawili, alisema, hakuficha. Na saa yake ilipofika, Bibi Aisha alimwegemeza kifuani, akamlainishia mswaki kwa meno yake, na palikuwa na chombo cha maji ambamo Mtume alitia mkono akajifuta uso. Mtu aliyesomea kuuguza akiisikia habari hiyo ataitambua kila hatua: mkao wa mgonjwa, usafi wa kinywa, maji ya baridi usoni, mkono wa mtu ampendaye. Hayo ndiyo anayofundishwa.

Madaktari na wizara wameliita jambo hili tiba shufaa, au huduma shufaa. Sikio la pwani likisikia shufaa halisikii hospitali. Linasikia uombezi wa Siku ya Kiyama. Wapo wanaolilaumu jina kwa hilo. Mimi nalipenda. Mtu anayesimama mbele ya maumivu ya mwenzake na kumtetea, sioni jina jingine zaidi ya hilo.

Sasa mofini. Hapa ndipo hofu ilipo kweli kweli, na siidharau. Kisiwa hiki kimeumizwa na unga. Hakuna mtaa wa Ng'ambo usio na mama aliyempoteza kijana, na neno lolote lenye ukoo na heroini linaamsha vidonda. Kwa hivyo anaposikia mofini, mzazi anaona yule mtoto aliyelala kibarazani na sindano. Lakini angalieni mnachokichanganya. Kijana wa unga hutumia ili ajitoe katika maisha yake. Mgonjwa wa saratani hunywa mofini ili arudi ndani ya maisha yake yaliyobaki, asali, aongee, asuke nywele za mjukuu. Kipimo hupandishwa kidogo kidogo kufuata maumivu, hunywewa kila baada ya saa nne, huandikwa. Ikipimwa vizuri haimuui mtu. Anayeua ni maradhi, nayo yalikuwapo kabla ya chupa. Na kuhusu kwamba dawa itamlevya ashindwe kutamka shahada: mimi nimemwona mtu aliyekosa mofini. Shangazi alipoishiwa, hakuwa na akili ya shahada wala ya jina la mwanawe. Alikuwa na kilio tu. Chupa ilikwisha Alhamisi jioni. Tulipiga hodi milango kadhaa, na kila mlango ulikuwa na mtu mzuri aliyesema mwenye kutia saini hayupo. Jumamosi nilivuka kwa boti ya asubuhi kwenda kutafuta chupa, nikarudi kwa boti ya jioni. Usiku ule wa Ijumaa sitaki kuueleza. Jumapili alfajiri, baada ya dozi ya pili, alisali kwa ishara ya macho kama alivyoruhusiwa mgonjwa, na alipomaliza alituuliza tumekula nini.

Nani basi aliyezuia sala yake, dawa au kukosekana kwa dawa?

Hoja ya kwamba hatuwezi kuilinda isiibwe nayo haisimami. Pale hospitali ya Kidongo Chekundu, tangu 2015, vijana wetu wanaoacha unga hupewa methadoni, ambayo ni ya ukoo huo huo, kila siku, wakaimeza mbele ya macho ya muuguzi, na jina likaandikwa. Serikali inayoweza kufanya hivyo kwa kijana anayepona uraibu inaweza kumwamini muuguzi kwa chupa ya bibi anayekufa. Uganda wamefanya. Daktari Anne Merriman alipoanzisha Hospice Africa Uganda jijini Kampala mwaka 1993, walichukua mofini ya unga, wakaichanganya na maji na dawa ya kuihifadhi, wakaitia rangi ili nguvu yake itambulikane, na mgonjwa akainywa nyumbani kwake. Waliona pia kwamba madaktari ni wachache na vijiji ni vingi. Mwaka 2004 sheria yao ikawaruhusu wauguzi na maofisa tabibu waliosomea kazi hii kuiandika dawa hiyo wenyewe. Saini ya muuguzi! Ndiyo saini niliyoikosa Alhamisi ile. Mombasa, ambao ni ndugu zetu kwa lugha na kwa dini, wana Coast Hospice yao. Riyadh, katika nchi ya Makka na Madina, hospitali ya King Faisal imekuwa na huduma hii tangu miaka ya 1990. Hao nao tutawaambia wameacha dini?

Kisha liko la kuficha. "Msimwambie, mtamuua." Binti anaambiwa ukutani, mama anaambiwa kitandani kwamba ni kidonda cha tumbo, kitapoa. Watu wote chumbani wanajua, na mwenye kufa naye anajua, kwa sababu mwili wake unamwambia kila usiku. Kila mmoja anaigiza mbele ya mwenzake. Tunaita huko ni kumhurumia. Lakini Muislamu ana deni la kulipa, ana wasia wa kuandika, ana watu wa kutakana nao radhi. Tumefundishwa kwamba mwenye kitu cha kuusia asilale hata siku mbili bila ya wasia wake kuandikwa. Mnamdanganyaje mtu kuhusu safari ambayo dini yenyewe imemtaka aifungie mizigo? Nimeona ndugu wakifikishana kwa kadhi kwa ajili ya nyumba moja ya Mji Mkongwe, vyumba vinane, kwa sababu baba hakuambiwa kwamba wakati ni huu.

Sisemi aingie mtu chumbani amtupie mgonjwa habari kama jiwe. Kumwambia ni ufundi, na ni ufundi wa muuguzi hasa. Yule mama mstaafu hakumwambia shangazi lolote. Alimuuliza: "Bi Mkubwa, wewe mwenyewe unajionaje?" Akanyamaza. Alinyamaza muda mrefu, nami nikataka kuruka niseme neno, akanizuia kwa kidole. Shangazi akasema, "Mimi naenda zangu." Halafu akaagiza aletwe mwanamke mmoja wa Malindi, ambaye hawakuwa wakisemezana miaka kumi na moja. Alikuja. Mlango ulifungwa. Waliyoyasema ni yao.

Hoja ya fedha nitaipitia haraka, kwa sababu haistahili kirefu. Inasemwa kwamba hizi hospitali mpya za wilaya na mashine zake ndiyo matumizi yenye maana, na sipingi hata tofali moja. Lakini huduma ninayoisemea haihitaji jengo. Inahitaji muuguzi aliyefundishwa, mkoba, usafiri na idhini ya chupa. Mungu ametujaalia kisiwa kidogo. Kutoka mjini hata Nungwi si safari ya siku. Tuna masheha wanaojua kila nyumba yenye mgonjwa. Tuna mpango wa Jamii ni Afya, ambamo wahudumu wa kujitolea hupita nyumba kwa nyumba kuwatazama wajawazito na watoto wachanga. Njia ya kufika mlangoni tayari tunaijua, ila hatujaamua kwamba na anayeondoka ana mlango. Shirika la Afya Duniani linakisia kwamba duniani kote, katika kila watu 100 wanaohitaji huduma hii, wanaoipata ni kama 14, na mwaka 2014 mataifa yote yalikubaliana katika mkutano wake kwamba huduma hii iwe sehemu ya huduma za kawaida za afya, ikiwemo ya majumbani. Kukubaliana kulikuwa 2014. Wakati huo huo, familia isiyo na muuguzi haitumii kidogo. Huuza dhahabu, hulipa dripu zisizo na faida, hulipa boti, hulipa mganga anayeahidi. Gharama ipo, ila tumemtwisha yule binti mwenye kamba kidoleni.

Wala nisieleweke kwamba nawashambulia wauguzi. Anayewaambia watu "mchukueni nyumbani" mara nyingi ana wagonjwa arubaini na wenziwe wawili. Ameona mauti mawili usiku mmoja, amewafunga watu taya na vidole vya miguu, kisha amepanda daladala ya Fuoni asubuhi akiwa na harufu ya dawa mikononi, na hapana aliyemuuliza yeye ameamkaje. Neno "hapana la kufanya" humuumiza naye, kwa sababu linamlazimisha kugeuka na kuondoka, jambo ambalo hakulisomea.

Lililobaki ni msiba. Tunaamini kwamba hapo ndipo tunapojua zaidi, na kwa mazishi ni kweli. Watu hukusanyika, sanda hupatikana, kaburi huchimbwa kabla ya alasiri. Baada ya hapo najua machache ya kujisifia. Habari za kuuawa kwa Ja'far bin Abi Talib zilipofika kutoka Mu'ta, Mtume aliagiza watu wawapikie jamaa wa Ja'far chakula, kwa kuwa wamefikwa na la kuwashughulisha. Sisi mara nyingi tumeligeuza: wafiwa ndio wanaopika pilau ya hitma, wakakopa na mchele. Mtoto mdogo anaambiwa bibi kasafiri, na anakaa dirishani akingoja boti. Mjane anaingia eda, miezi minne na siku kumi, na wiki ya kwanza nyumba imejaa, wiki ya tatu anasikia saa ya ukutani. Hapo ndipo maswali yanapokuja, nayo si ya dini peke yake. Mengine ni ya dawa, na shehe hana jibu la dawa.

Siku ya tisa baada ya maziko yule mama mstaafu alipanda tena ngazi zetu. Nilidhani amekuja kutoa pole. Alimwomba binamu yangu amletee chupa iliyobaki na daftari ambalo alimfundisha kuandika kila dozi. Binamu alivileta, akaviweka chini, akaanza kutetemeka. Kumbe siku tisa zote hizo alikuwa na jambo ambalo hakumwambia mtu: alimpa mama yake kijiko saa sita za usiku, na saa nane mama akakata roho. Alikuwa anaamini kwamba amemuua yeye.

Yule mama hakumwambia usilie. Alivaa miwani, akalifungua daftari, akamweka binamu ubavuni mwake, wakaanza kusoma pamoja kutoka Jumapili: saa mbili, mililita tano, saa sita, mililita tano, saa kumi, mililita tano. Jumatatu. Jumanne. Aliweka kidole chini ya kila mstari. Walipofika usiku ule wa mwisho kidole kikasimama. Mililita tano, kiasi kile kile alichokunywa mara sita kila siku na akaamka kila mara. "Soma wewe," akamwambia. Binamu akasoma. Akamtaka asome tena. Kisha wakaenda pamoja chooni, wakaimimina ile dawa iliyobaki, binamu akiishika chupa na yule mama akimwaga maji kwa kata, mpaka ikawa safi.